Kivuli cha Nje, Taa za LED au Flashi: Kuchagua Mwanga wa Kumpigia Picha Nyoka wa Rangi Nyepesi

Anayetaka kumpiga picha nyoka mweupe, wa krimu au wa manjano mpauko hukuta kwamba kazi ni ngumu kuliko alivyodhani, kwa kuwa magamba ya rangi nyepesi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoyafikia, na mwanga huo hubeba rangi ya kila kitu ulichokigusa njiani. Mchukue boa wa mchanga, Eryx colubrinus, mwenyeji wa maeneo makavu ya Kenya na nchi jirani, ambaye wafugaji wa ng'ambo wamemzalisha pia katika sura ya albino isiyo na weusi wowote, yenye mabaka ya chungwa juu ya ngozi nyeupe iliyochanganyika na uwaridi. Chini ya paa la makuti, magamba meupe yaliyo kati ya mabaka hayo hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Chini ya mwarobaini, ubavu uleule huingia ukijani. Akilazwa juu ya leso nyekundu, tumbo lake hupata wekundu usio wake. Nyoka hajabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mazingira yake, na kamera imeyapiga picha mazingira hayo juu ya mwili wake.

Wekundu huo wa uongo si jambo dogo. Magamba ya tumbo yanapoanza kuwa mekundu huweza kuwa dalili ya maambukizi ya ngozi, ambayo mara nyingi huletwa na unyevu na uchafu wa makazi, na kwa nyoka wa rangi nyepesi dalili hiyo huonekana kwa urahisi zaidi kuliko kwa nyoka mweusi. Picha yenye rangi ya kweli humwezesha mfugaji kulinganisha tumbo la leo na la mwezi uliopita, na humpa daktari wa mifugo aliye mbali kitu cha kuaminika cha kutazama. Kwa sababu hiyo ninaitazama rangi ya kweli kama sehemu ya utunzaji wa mnyama, na uzuri wa picha ninauweka nyuma yake.

Ulinganisho huu unamhusu nyoka asiye na sumu anayefugwa kihalali. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali, na KWS, shirika la serikali ya Kenya la wanyamapori, ndilo linalosimamia vibali hivyo. Haifai kabisa kumchukua nyoka shambani kwa ajili ya picha. Asiyefuga lakini anapenda kujifunza anaweza kuomba ruhusa katika vituo vya nyoka, kama vile Bio-Ken pale Watamu, kilichoanzishwa na James Ashe mwaka 1980.

Vigezo vya kulinganishia

Njia tatu ndizo zinazowatatiza watu wengi hapa Malindi: kupiga picha nje kwenye kivuli, kupiga ndani ya sanduku la kitambaa cheupe lenye taa za LED, na kutumia flashi ya kamera iliyolainishwa. Nitazipima kwa mambo matano: jinsi zinavyoonyesha rangi, jinsi zinavyoshughulikia mng'ao wa magamba, usalama na utulivu wa nyoka, uwezekano wa kuirudia picha ileile baada ya wiki au miezi, na gharama. Uzito wa kila kigezo hautoshani. Kwa maoni yangu usalama wa nyoka ndio unaokuja mwanzo, hata kama sikuutaja wa kwanza, na gharama ndiyo inayopaswa kusikilizwa mwisho.

Maandalizi yanayohitajika kwa njia zote

Hakuna mwanga utakaompa mfugaji rangi ya kweli ya nyoka anayekaribia kujivua gamba. Katika siku hizo ngozi hufifia, rangi huonekana kama imefunikwa na utando, na macho huwa na ukungu wa kibuluu; baadaye macho husafika, na siku chache tena gamba hutoka. Siku zinazofuata baada ya hapo ndizo ambazo rangi huwa safi kabisa, na picha ya kumbukumbu ingefaa ipigwe wakati huo. Vilevile nyoka aliyekula asishikwe kwa muda wa saa 48, kwa kuwa kumsumbua mapema kunaweza kumfanya atapike.

Jambo la pili ni kadi ya kijivu, ile inayorudisha asilimia 18 ya mwanga na ambayo haina rangi yoyote iliyojificha ndani yake. Iweke mahali palepale atakapolala nyoka, ipige picha, kisha itumie kuipangia kamera mizani ya weupe, yaani mpangilio unaoieleza kamera weupe ni upi chini ya mwanga huo. Wenye kamera inayohifadhi faili ghafi (RAW) wanaweza kurekebisha baadaye kwa kutumia picha hiyo ya kadi. Wengi hutumia karatasi nyeupe badala ya kadi, lakini karatasi nyingi za ofisini hutiwa kemikali za kung'arisha zinazoipa ubuluu, na kamera ikiuamini ubuluu huo kuwa weupe, nyoka atatoka na umanjano.

Jambo la tatu ni kiasi cha mwanga. Kamera huchukulia kwamba chochote kilicho mbele yake kina mwangaza wa wastani. Ikimwona nyoka mweupe juu ya kitambaa cheupe itapunguza mwanga, na nyoka atakuwa wa kijivu, hivyo inabidi kuongeza kati ya theluthi mbili ya hatua na hatua moja na theluthi (hatua moja ni kuongeza mwanga maradufu). Juu ya kitambaa cheusi mambo hugeuka: kamera itaongeza mwanga, mistari ya magamba itapotea, na itabidi kupunguza. Kitambaa cha kijivu huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, nami nakipendekeza kuliko mkeka wa ukindu au leso, hata kama hivyo vinapendeza zaidi macho. Kwa nyoka wa manjano na chungwa, tazama histogramu, yaani grafu ya mwanga uliorekodiwa, ya kila rangi peke yake ikiwa kamera inayo, kwa sababu rangi nyekundu hujaa na kukatika kabla ya nyingine, na hapo manjano ya kweli hugeuka manjano ya limau bila mpiga picha kutambua.

Ukweli wa rangi

Mwanga wa kivuli cha nje una faida ambayo haipatikani kwa urahisi katika taa: una rangi zote za upinde wa mvua bila mapengo makubwa, kwa hiyo baada ya mizani ya weupe kupangwa vizuri, chungwa, uwaridi na krimu hukaa kila moja mahali pake. Kasoro yake ni kwamba mwanga huo hutoka angani, na anga ni buluu. Joto lake la rangi, kipimo ambacho kadiri kinavyopanda ndivyo mwanga unavyozidi ubuluu, hufika kelvini 7,000 na kupita, ilhali jua la adhuhuri lina takriban 5,500. Simu ikiachwa iamue yenyewe mara nyingi hubakiza ubuluu huo juu ya magamba meupe. Kinachotia shaka zaidi ni vitu vinavyozunguka. Kivuli cha ukuta uliopakwa chokaa ni kizuri sana, kivuli cha mti ni kibaya, na udongo mwekundu ulio mbele ya baraza na kupigwa na jua hurudisha wekundu hadi chini ya kidevu cha nyoka.

Mtu wa Malindi anapaswa pia kujua ukuta upi una kivuli mwezi upi. Mji huu uko nyuzi tatu hivi kusini ya ikweta, kwa hiyo mwezi wa Juni na Julai jua la mchana hupita upande wa kaskazini na kivuli hupatikana kusini mwa nyumba, na mwezi wa Desemba na Januari hali huwa kinyume. Aliyezoea kona moja ya ua wake atashangaa kukuta rangi zake zimebadilika baada ya miezi sita, kumbe ni jua lililohama.

Kwa taa za LED, kila kitu kinategemea ubora wa taa yenyewe. Vipo vipimo vya uaminifu wa rangi viitwavyo CRI, ambavyo kilele chake ni 100; taa za kawaida za nyumbani huwa karibu na 80, na upungufu wao mkubwa uko kwenye wekundu uliokolea. Hilo ndilo linalomwumiza boa albino, kwa maana uwaridi wa ngozi yake huwa wa kijivu na chungwa lake huwa la kahawia, na kadi ya kijivu haiwezi kurudisha rangi ambayo taa haikuitoa. Taa ya CRI 95 au zaidi, yenye kelvini 5,000 hadi 5,600, huliondoa tatizo hilo kwa kiasi kikubwa. Taa mbili za aina tofauti zisichanganywe, na mwanga wa dirisha usiruhusiwe kuingia, kwani ubavu mmoja utakuwa na rangi yake na wa pili rangi yake, na hakuna mizani ya weupe inayoweza kuupatanisha mwili mzima.

Flashi nzuri hutoa mwanga wa takriban kelvini 5,500, wenye rangi kamili na usiobadilika sana kutoka picha moja hadi nyingine. Nguvu yake huushinda mwanga wa chumba, kwa hiyo makuti yaliyo juu na ukuta wa rangi ulio pembeni hupoteza sehemu kubwa ya athari yao, ilimradi mwanga wa flashi wenyewe usielekezwe kwenye dari au ukuta huo. Tahadhari inahusu kitambaa cha kulainishia mwanga. Kitambaa kilichofuliwa kwa buluu ya nguo, kama tunavyofanya kwa kanzu, hutia ubuluu juu ya kila gamba, na tahadhari hiyohiyo inahusu sanduku la LED lililoshonwa nyumbani. Ninazungumzia hapa flashi ya kamera. Taa ndogo iliyo kando ya lenzi ya simu haifai kwa kazi hii, kwani hupiga moja kwa moja na kuacha doa jeupe katikati ya mwili.

Mng'ao wa magamba

Pale gamba linapong'aa, rangi inayoonekana ni ya taa, wala si ya nyoka. Kwa nyoka mweusi mng'ao huo huonekana wazi na mtu huupuuza. Kwa nyoka mweupe hujificha ndani ya weupe na kula mistari ya magamba kimyakimya, hata mtu akadhani ngozi ni laini isiyo na umbo.

Nje kivulini, anga lote ni taa moja kubwa, na mng'ao huwa mpana na hafifu. Filta ya polaraizi, yaani ya kupunguza mng'ao, inayofungwa mbele ya lenzi husaidia, ingawa hula takriban hatua moja na nusu hadi mbili za mwanga, na nyoka anayetembea anaweza kutoka na ukungu. Ndani ya sanduku la LED mng'ao hutegemea ukubwa wa kitambaa na ukaribu wake, na mtu ana nafasi ya kutosha ya kusogeza taa huku akitazama mabadiliko kwa macho yake, jambo ambalo flashi haimruhusu.

Flashi isiyolainishwa ndiyo mbaya kuliko zote kwa kigezo hiki, na flashi iliyoandaliwa kikamilifu ndiyo bora kuliko zote. Ukiweka karatasi ya polaraizi mbele ya flashi na filta ya aina hiyohiyo mbele ya lenzi, ukaizungusha filta hadi zikingamane, mng'ao karibu wote hutoweka na kubaki rangi ya ngozi peke yake. Picha hizo huonekana bapa, na ule mchezo wa rangi za upinde unaopita juu ya magamba ya baadhi ya nyoka hupotea pia. Lakini kwa anayefuatilia afya ya tumbo la nyoka wake, sijaona njia inayosema kweli kuliko hiyo.

Usalama na utulivu wa nyoka

Nyoka hana kope, na kwa hiyo hawezi kufumba macho mbele ya mwanga mkali. Albino, ambaye macho yake hayana weusi wa kukinga mwanga, anastahili huruma zaidi. Njia zote tatu zinaweza kutumiwa kwa upole na zote zinaweza kumtesa.

Nje, hatari ni joto na kutoroka. Kivuli husogea, na sakafu ya mawe iliyopigwa na jua saa moja kabla bado ina moto wa kumdhuru. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, kisha saa tisa na nusu hadi saa kumi na moja jioni, ndizo saa zinazofaa, adhuhuri iachwe. Lazima awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni kumtazama nyoka tu, kwa sababu mpiga picha aliyeinamia kamera haoni kunguru wala paka anayekuja, na boa wa mchanga akipata mchanga laini huzama mara moja.

Sanduku la LED humpa nyoka mahali palipozingirwa, na taa hizo hazitoi joto jingi mbele yake, lakini mwanga wake haukomi. Afadhali taa zipunguzwe wakati wa kupanga na ziongezwe wakati wa kupiga tu. Flashi, kwa upande wake, ni fupi mno na haina joto la kutajwa. Hata hivyo idadi ya miako yake inastahili kuhesabiwa, na ninashauri picha chache zilizopangwa vizuri kuliko mfululizo wa miako. Kwa njia yoyote ile, nyoka akianza kuficha kichwa, kupumua kwa nguvu au kukunja shingo kama anayetaka kupiga, kazi ya siku hiyo imekwisha.

Kuirudia picha ileile

Hapa tofauti ni kubwa. Mwanga wa nje hubadilika wingu linapopita, na majira ya kusi mawingu hupita bila kukoma. Picha ya saa mbili na ya saa tatu zinaweza kutofautiana kwa rangi, kwa hiyo kadi ipigwe upya mara kwa mara. Sanduku la LED, likiachwa limepangwa vilevile, hutoa mwanga uleule leo na mwezi ujao. Taa za bei nafuu zinazotumia umeme wa nyumbani wa hezi 50 humetameta mara 100 kwa sekunde na kuacha mistari ya kivuli kwenye picha, lakini kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga uingie, ya sekunde 1/50 au 1/100 huituliza. Flashi hurudiwa vizuri mradi umbali upimwe, kwani ikisogezwa kutoka sentimita 30 hadi 60, mwanga unaomfikia nyoka hubaki robo.

Gharama na upatikanaji

Kivuli ni bure. Sanduku la kitambaa linaweza kushonwa na fundi yeyote, na pesa ziwekwe kwenye taa. Zenye betri ya kuchaji ni bora mahali ambapo umeme hukatika. Flashi pamoja na kamera inayoipokea ndiyo ghali, na karatasi ya polaraizi huenda ikabidi iagizwe kutoka mbali.

Nani achague nini

Mwenye simu pekee, anayetaka picha njema ya nyoka wake mara moja moja, na mwenye ukuta wa chokaa uani, aanze na kivuli cha nje. Avae nguo nyeupe, ya kijivu au nyeusi, aguse skrini juu ya nyoka na kurekebisha mwanga kwa kidole, na apige kadi kabla na baada. Mwenye kufuga boa wa mchanga au nyoka mwingine mwepesi wa kutoweka asiichague njia hii akiwa peke yake.

Mfugaji mwenye kibali anayetunza daftari la nyoka kadhaa, na anayehitaji picha za kila baada ya kujivua gamba zifanane mwaka mzima, atafaidika zaidi na sanduku la LED, bora asibane pesa kwenye CRI. Njia hii humfaa pia anayefanya kazi usiku, baada ya shughuli za mchana, na anayejifunza, kwa sababu anaona kila badiliko kabla ya kubonyeza.

Flashi iliyolainishwa inamfaa aliye na kamera tayari na anayempiga nyoka asiyetulia, kwa kuwa mwako mfupi humgandisha hata ulimi ukiwa nje, na humruhusu mpiga picha kubana tundu la lenzi hadi f/8 au f/11 ili kichwa na mwili vyote viwe wazi. Mwenye shaka ya ugonjwa wa ngozi, au anayemtumia daktari picha, aazime flashi na polaraizi ikiwezekana. Isipowezekana, kivuli cha ukuta mweupe pamoja na kadi ya kijivu ndani ya picha yenyewe kitamtosheleza daktari kuliko picha ya taa hafifu isiyo na kadi.

Na yeyote anayetuma picha hizo kwa WhatsApp azitume kama dokumenti badala ya picha, ili zisibanwe, na amwombe mpokeaji azime hali ya usiku ya skrini yake, ambayo hutia umanjano juu ya weupe wote, kabla ya kuamua kama tumbo lile limebadilika rangi.